Programu ya kukufuatilia kwenye simu yako, kamera na mashine ya vidole: mwajiri anafika wapi?

SWALI

Mimi ni karani wa ghala katika kampuni inayosambaza bidhaa za madukani, tuko njia ya kwenda Pongwe, Tanga. Kampuni imefunga kamera, na moja inaelekea chumba tunachobadilishia nguo. Tunasaini kwa mashine ya alama za vidole. Mara nyingi inakataa vidole vya wapakizi, na siku hizo zinakatwa kwenye mshahara. Sasa makarani na madereva tumeambiwa tuweke programu kwenye simu zetu wenyewe ili ofisi ione tulipo. Haizimiki usiku wala Jumapili. Msimamizi naye anataka nimfungulie WhatsApp aone nani anaandika nini kwenye grupu letu. Mwenzetu mmoja ameachishwa kazi wiki tatu zilizopita kwa kipande cha video. Nikikataa hiyo programu nitafukuzwa? Ufuatiliaji huu una mpaka?

JIBU

Ndugu karani, kabla sijagusa habari ya simu, mfikishie mwenzako ujumbe leo hii. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Kama ni wiki tatu sasa, amebakiwa na siku za kuhesabu. Ofisi ya CMA ipo hapahapa Tanga. Achukue Fomu Na. 1, aijaze, ampe mwajiri nakala na abaki na uthibitisho kwamba imepokelewa. Siku zikipita, atalazimika kwanza kuomba kwa Fomu Na. 2 aruhusiwe kufungua nje ya muda, aeleze sababu ya kila siku aliyochelewa, na maombi hayo hukataliwa mara nyingi. Habari ya video yenyewe nitaifikia.

Sasa yako. Mwajiri anaruhusiwa kufuatilia kazi. Hakuna sheria ya Tanzania inayomkataza kufunga kamera ghalani au kutaka kujua lori lake liko wapi. Asichoruhusiwa ni kukusanya habari za mtu bila sababu iliyotajwa, bila kumjulisha, au kwa kiasi kinachopita sababu hiyo. Kwa hiyo kila kifaa ulichokitaja kipime kwa maswali matatu: ni cha nini, nani ameambiwa, na je, ipo njia ndogo zaidi ya kupata kilekile? Anayepaswa kuyajibu ni mwajiri. Wewe una haki ya kuyauliza bila kuomba radhi.

Haki hiyo inatoka kwenye Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake, na kwa undani zaidi kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa lugha ya sheria hiyo kampuni yako ni mkusanyaji, na wewe ni mhusika wa taarifa. Mkusanyaji lazima asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akujulishe kabla ya kukusanya, akusanye kinachotosha tu, asikae nacho kupita muda wa haja, na akilinde kisivuje. Tume inaweza kumtoza anayekiuka faini ya hadi shilingi milioni 100. Wapo waajiri wengi wanaodhani sheria hii ni ya benki na makampuni ya simu. Si hivyo: ghala lenye mashine ya vidole na daftari la wafanyakazi limo ndani yake.

Simu yako

Hapa ndipo mwajiri wako amevuka mbali zaidi, na hapa ndipo wewe una nguvu zaidi, kwa sababu kifaa ni mali yako na saa za usiku ni zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na inakupa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Programu inayoendelea kutuma mahali ulipo Jumapili haifuatilii kazi tena. Inamwambia meneja unalala wapi, unaswali msikiti gani au unasali kanisa gani, na kwamba Jumanne asubuhi ulikuwa kliniki ya Bombo. Imani na afya ni taarifa nyeti kisheria, na haziwi za ofisi kwa sababu tu zimeonekana kama nukta kwenye ramani.

Kuna hoja nyingine inayokuhusu wewe karani peke yako. Kazi yako iko ndani ya ghala. Mashine ya vidole inaonyesha umeingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, na kamera zinaonyesha upo. GPS inaongeza nini hapo? Mwajiri akishindwa kujibu, programu imeanguka kwenye swali la kwanza. Kwa madereva jibu ni tofauti kidogo: kampuni ina haki ya kujua gari na mzigo viko wapi kati ya hapa na Segera au Horohoro. Lakini kinachofuatiliwa hapo ni gari. Kifaa cha GPS kinachofungwa kwenye gari, chenye laini yake ya simu, kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko simu ya dereva, na dereva akishuka kwenda kwake kinabaki na gari. Mabasi ya masafa marefu yana kifaa cha ufuatiliaji kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Huo ni wajibu uliowekwa na mdhibiti kwa ajili ya usalama wa abiria, na mwajiri hawezi kuutaja kama ruhusa ya kuingia kwenye simu ya karani.

Kama programu tayari umeiweka, angalia imeshika nini. Kwenye simu ya Android fungua Mipangilio, kisha Mahali, kisha ruhusa za programu. Utakuta kila programu imepewa mojawapo ya haya: kuruhusiwa wakati wote, kuruhusiwa tu unapoitumia, kuuliza kila mara, au kukataliwa. Majina yanatofautiana kidogo kwa kila aina ya simu, mpangilio ni uleule. Programu ya kazi iliyo kwenye “wakati wote” ndiyo inayokufuata nyumbani. Kisha pita sehemu tatu ambazo watu huzisahau. Ya kwanza ni ufikiaji wa arifa: programu iliyowashwa hapo inaweza kusoma kila ujumbe unaojitokeza juu ya skrini, wa WhatsApp, wa benki, hata namba za siri za mara moja. Ya pili ni huduma za ufikivu, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ambazo zinaipa programu uwezo wa kuona maandishi yaliyo kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Ya tatu ni wasimamizi wa kifaa. Aliyepo hapo anaweza kuifunga simu, na kwa baadhi ya ruhusa hata kufuta kila kilichomo. Programu ya mahudhurio haina kazi yoyote na hizi tatu. Ukiikuta humo, piga picha ya skrini yenye tarehe. Huo ni ushahidi wako.

Kwenye iPhone, mahali ni ndani ya Mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, na usimamizi wa kampuni huonekana kama wasifu uliowekwa kwenye sehemu ya VPN na usimamizi wa kifaa.

Zipo njia ndogo za kupendekeza, na ni vizuri uende nazo mkononi, kwa sababu anayekuja na pendekezo husikilizwa kuliko anayekuja na katao. Kampuni inunue simu za kazi zinazoachwa stoo mwisho wa zamu. Au, simu yako ikilazimika kutumika, waweke wasifu wa kazi: Android nyingi zina sehemu hiyo, programu zake zina alama ya mkoba, zimetengwa na picha na mazungumzo yako, na unaweza kuisimamisha yote kwa kubonyeza mara moja unapotoka kazini. Au programu itume mahali wakati wa kusaini kuingia na kutoka tu, kwa ruhusa ya “ninapoitumia”. Na gharama ya bando? Programu inayotuma mahali mchana kutwa inakula data na betri yako. Nalo liandike.

Jambo moja la kiufundi litawaokoa wenzako kwenye kikao cha nidhamu. Chini ya paa la bati simu hupoteza setilaiti. Hapo inakisia mahali kwa kutumia Wi-Fi na minara ya simu, na kosa linaweza kuwa mita mamia, au zaidi pale minara ikiwa mbali. Kwenye ramani ya meneja nukta inaruka kutoka ghalani hadi mtaa mwingine, inakaa dakika mbili, inarudi. Ripoti inasema umetoroka. Ukioneshwa ripoti ya namna hiyo, omba jedwali lenyewe lenye saa, latitudo, longitudo na kiwango cha usahihi kwa mita. Nukta yenye usahihi wa mita 1,500 haithibitishi kitu. Kuhama kilomita 3 ndani ya dakika moja kwa mtu anayetembea kwa miguu haiwezekani. Vilevile, simu nyingi za bei ya kawaida huua programu zinazofanya kazi kimyakimya ili kuokoa betri, na pengo hilo mfumo huliandika kama “amezima simu”.

Je, ukikataa utafukuzwa? Kukaidi agizo halali na la busara ni kosa la nidhamu, na mwajiri atajaribu kukuweka kwenye kapu hilo. Kwa hiyo usiseme “sitaki”, na usiifute programu usiku ukakaa kimya. Andika. Sema uko tayari kufuatiliwa kikazi ndani ya saa za kazi, uulize maswali yako, upendekeze njia mbadala. Mfanyakazi aliyeuliza kwa maandishi na hakujibiwa ni mgumu sana kumwita mkaidi mbele ya mwamuzi, kwa sababu wajibu wa kuthibitisha kwamba kuachishwa kulikuwa kwa haki uko kwa mwajiri, kwa sababu na kwa utaratibu.

WhatsApp na mtandao wa ofisi

Hulazimiki kumfungulia msimamizi mazungumzo yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai, na kunasa mawasiliano yasiyo ya hadhara kuwa kosa jingine. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 nayo inakataza kunasa mawasiliano bila mamlaka ya kisheria. Msimamizi hana mamlaka hayo. Akikushika mkono ukafungua kwa hofu, atasema ulikubali; ndiyo maana ni bora simu isitoke mfukoni.

Wengi huniuliza kama Wi-Fi ya ofisi inawasomea meseji. Haisomi. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kutoka simu yako hadi ya mwenzio. Anayesimamia mtandao huona kwamba simu fulani imeunganishwa na WhatsApp, saa ngapi, na data kiasi gani, basi. Kwa tovuti za kawaida ataona jina la tovuti, haoni ulichoandika ndani. Hali hubadilika kama uliwahi kukubali kuweka cheti cha usalama cha kampuni kwenye simu. Hicho kinaweza kuwawezesha kufungua sehemu ya mawasiliano yako ya tovuti, kwa hiyo angalia kwenye mipangilio ya usalama na ukiondoe. Njia halisi ambazo maneno hutoka ni nyingine. Mtu alishika simu yako dakika moja akaiunganisha na kompyuta yake: ingia WhatsApp, vifaa vilivyounganishwa, uondoe usichokijua. Au, kinachotokea zaidi, mwanagrupu mmoja alipiga picha ya skrini akapeleka. Dhidi ya hilo la pili hakuna kinga, na aliyepeleka hakunasa kitu kwa wizi kwani alikuwa mpokeaji halali. Andikeni kwenye grupu mkilijua hilo.

Barua pepe ya kampuni na kompyuta ya kampuni ni habari nyingine. Hapo mwajiri ana nafasi kubwa, ilimradi alitangaza kabla. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la Bărbulescu dhidi ya Romania la Septemba 2017, ilisema hata kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya kazi, mfanyakazi alipaswa kuambiwa mapema kwamba mazungumzo yatasomwa na kwa kiasi gani. Hukumu hiyo haifungi CMA ya Tanga, lakini vipimo vyake vinafanana na vya sheria yetu na mwakilishi wako anaweza kuvitumia kama hoja.

Kamera ya chumba cha nguo

Hii haina mjadala mrefu. Kamera ghalani, getini na kwenye kituo cha kupakia ina sababu inayoeleweka. Chumba cha kubadilishia nguo na choo havina. Kama mlango unafunguka na lenzi inaona ndani, hakuna wizi wa katoni unaohalalisha hilo. Ombeni mwakilishi wa wafanyakazi aoneshwe picha ya moja kwa moja, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, halafu kamera igeuzwe au ihamishwe. Fundi anaweza kupendekeza kuweka kiraka cheusi kwenye picha kupitia menyu ya kirekodi, yaani mashine inayohifadhi picha za kamera. Msikubali hicho peke yake: aliye na nenosiri anakiondoa kwa sekunde chache na hakuna atakayejua. Ulizeni pia kama kamera zina maikrofoni. Kurekodi maongezi ya watu siku nzima kunaingia kwenye eneo la kunasa mawasiliano, na ulinzi wa mali hauhitaji sauti.

Mashine ya vidole

Alama za kidole ni taarifa nyeti, na Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kinataka ridhaa ya maandishi kabla hazijachukuliwa, isipokuwa kwa hali chache ambazo sheria yenyewe imezitaja. Ridhaa hiyo mhusika anaweza kuiondoa. Angalieni kama mliwahi kusaini chochote. Mara nyingi hakuna karatasi, watu walipangwa mstari tu wakaambiwa waweke kidole. Uzito wake ni huu: nenosiri likivuja unabadilisha, kidole hubadilishi. Mashine nzuri haihifadhi picha ya kidole, inahifadhi namba zilizokokotolewa kutoka kwenye michirizi yake. Ulizeni ni ipi kati ya hizo, zimo ndani ya mashine au zinatumwa kwa muuzaji, na kama zinatoka nje ya nchi, kwa sababu sheria ina masharti yake ya kusafirisha taarifa nje. Uingereza, mwezi Februari 2024, mdhibiti wa taarifa aliiamuru kampuni ya Serco Leisure kuacha kutumia sura na vidole kwa mahudhurio ya zaidi ya wafanyakazi 2,000, kwa hoja kwamba kadi au njia nyingine isiyo nzito ingetosha na wafanyakazi hawakupewa nafasi ya kuichagua.

Kwa nini inawakataa wapakizi? Kazi ya mikono inalainisha michirizi. Anayebeba saruji ana taabu zaidi, kwani saruji mbichi ni kali na inakula ngozi. Aliyeshughulika na mkonge ana makovu madogo. Jasho na vumbi hufunika kioo cha mashine. Tiba si kumkata mtu mshahara. Kila mmoja asajiliwe vidole viwili vya mikono tofauti, kidole kioshwe na kukaushwa kabla, kioo kifutwe kila zamu kwa kitambaa laini, na ambaye bado anakataliwa apewe kadi au namba ya siri, na daftari la kusaini likae kwa mlinzi kama akiba.

Siku uliyofanya kazi ina mshahara wake, hata mashine ikisema vingine. Sheria ya ajira hairuhusu makato isipokuwa yaliyowekwa na sheria au uliyokubali kwa maandishi, na hata deni la hasara lililothibitishwa haliruhusiwi kukata zaidi ya robo ya ujira. Wapakizi waliokatwa wakusanye ushahidi wa siku zile: hati za kupakulia zenye saini zao, daftari la getini, na picha za kamera zilezile. Ndiyo, kamera inaweza kumtetea mfanyakazi. Mhusika wa taarifa ana haki ya kujua na kupata taarifa zake, na video inayomwonyesha akiingia saa 1:50 asubuhi ni taarifa yake.

Lakini fanyeni haraka, na sababu ni ya hesabu. Kamera ya megapikseli 2 kwa kawaida inaandika megabiti 4 hivi kwa sekunde, sawa na gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 8 ni gigabaiti 345 kwa siku. Diski ya terabaiti 2 inajaa kabla ya siku 6 kwisha, kisha kirekodi kinaanza kufuta cha zamani na kuandika juu yake. Kwa mfumo mpya wa kubana picha muda huo huwa karibu mara mbili, na kamera zinazorekodi pale tu kitu kinaposogea huenda mbali zaidi. Kwa vyovyote, ombi la video likikaa wiki mbili juu ya meza, huenda hakuna video tena. Andikeni siku ileile: “Tunaomba picha za tarehe fulani, saa fulani hadi saa fulani, kamera ya getini, zihifadhiwe zisifutwe.”

Kipande cha video cha mwenzako

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, Kifungu cha 18, inakubali video kuwa ushahidi, na uzito wake unapimwa kwa jinsi ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa na kutunzwa isiguswe. Kipande kilichotumwa WhatsApp na kubanwa, hakina mwanzo wala mwisho, ni dhaifu. Mwenzako adai rekodi kamili ya angalau nusu saa kabla na baada, kutoka kwenye kirekodi chenyewe, na jina la aliyeitoa. Aangalie saa iliyoandikwa juu ya picha: kirekodi kisicho na intaneti hupoteza saa umeme unapokatika kama betri yake ndogo imekufa, na nimeona mashine zilizokosea kwa saa nyingi, hata kwa tarehe. Alinganishe na tukio ambalo muda wake unajulikana kwa karatasi, kama lori lililosainiwa getini.

Kisha utaratibu. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka uchunguzi, tuhuma kwa lugha anayoielewa, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Kama alioneshwa video asubuhi na jioni akapewa barua, hilo peke yake ni hoja ya kupeleka CMA.

Na kama uamuzi wowote ulitolewa na mfumo wenyewe, kwa mfano programu imehesabu “utoro” na barua ikachapwa, Kifungu cha 36 cha sheria ya taarifa binafsi kinampa mfanyakazi haki ya kupinga uamuzi wa mashine na kutaka mtu aupitie upya.

Barua yako

Ipeleke kwa meneja rasilimali watu, nakala tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kama mnalo. Beba nakala mbili, moja irudi na mhuri, saini na tarehe. Iwe fupi kama hivi:

“Yah: Ombi la maelezo kuhusu programu ya kufuatilia mahali kwenye simu yangu binafsi. Rejea maelekezo ya tarehe ... Niko tayari kutimiza wajibu wangu wa mahudhurio ndani ya saa za kazi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, naomba kujulishwa kwa maandishi: madhumuni ya kukusanya taarifa za mahali nilipo, saa ambazo zinakusanywa, nani ndani na nje ya kampuni anaziona, zinahifadhiwa wapi na kwa muda gani, jina la afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi wa kampuni, na namba ya cheti cha usajili wa kampuni kwenye Tume. Naomba pia programu isikusanye chochote nje ya saa za kazi, na napendekeza itumike simu ya kampuni au kusaini wakati wa kuingia na kutoka tu. Wakati nasubiri majibu, nitaendelea kusaini kwenye mashine na daftari kama kawaida.”

Wapeni siku 14. Barua ya pamoja yenye saini za makarani, madereva na wapakizi ina uzito kuliko ya mtu mmoja, na inamwondolea kila mmoja hatari ya kuchaguliwa peke yake. Kama majibu hayaji, au ni “hiyo ndiyo sera”, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ukiambatisha barua yenye mhuri, picha za skrini za ruhusa za programu, picha ya kamera inavyoelekea kwenye mlango (bila mtu ndani) na hati za mishahara zenye makato. Suala la makato na la kuachishwa linakwenda CMA. La taarifa linakwenda Tume. Yanaweza kutembea pamoja, lakini muda wa CMA hausimami kwa sababu umelalamika Tume. Kwa migogoro isiyo ya kuachishwa, kama makato, CMA inataka siku 60.

Wakati haya yanaendelea, kuna mambo yatakayoiharibu kesi yako. Usikate waya wa kamera wala kung’oa kifaa cha GPS kwenye gari. Hiyo ni mali ya kampuni na utakuwa umewapa kosa la kukufukuzia. Usinakili orodha ya wateja au faili za wenzako kuwa “ushahidi”. Hizo ni taarifa binafsi za watu wengine na sheria hiyohiyo itakugeukia. Usirushe kwenye magrupu video ya ghalani yenye sura za watu. Programu ukiamua kuibana ruhusa iwe “ninapoitumia” tu, fanya hivyo baada ya barua kupokelewa, na useme kwenye barua kwamba utafanya hivyo kuanzia tarehe fulani saa za kazi zikiisha.